Bima ya Nyumba Bunagana

Kuanzia mwaka 1966, biashara ya bima nchini Kongo ilishikwa na shirika moja la serikali, Sonas. Wenye magari walilifahamu kwa sababu ya cheti kinachodaiwa barabarani. Mwenye nyumba wa kawaida hakuwa na haja nalo: sheria ya 1974 ililazimisha bima ya moto, tena kwa majengo fulani tu, bila kugusa mafuriko wala lava. Miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulifika maelfu ya asilimia kwa mwaka, na fidia iliyoahidiwa kwa pesa za Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, haikuweza kununua hata mabati.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikatiza katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, ikawaacha watu zaidi ya 100,000 bila makazi. Wengi walijenga upya kwa mbao juu ya mawe yaleyale. Nyumba ya mbao huweza kubomolewa, kupakiwa na kusimamishwa kwingine, nayo ikawa kinga mahali pa bima.

Huko Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda wilayani Rutshuru, kikwazo cha kwanza ni karatasi. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na haki juu ya kiwanja huthibitishwa kwa hati ya usajili. Mnunuzi wa kawaida ana karatasi ya mauzo yenye saini za chifu na mashahidi, na hiyo haimtoshi mtoa bima. Kikwazo cha pili ni vita. Waasi wa M23 waliushika mji huo mwaka 2012, wakafurushwa Oktoba 2013, kisha wakaurudia tarehe 13 Juni 2022. Mikataba ya bima kwa kawaida huacha nje hasara za vita; nyumba iliyokimbiwa na wenyewe ikiangushwa na mvua, ni nani atakayethibitisha kilichoibomoa?

Sheria ya Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa Sonas, na kampuni binafsi zikapewa vibali mwaka 2019. Kaya nyingi zilibaki na likirimba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa. Mchango wake humfaa aliyefiwa au kuugua, lakini mafuriko huwapiga wanachama wote siku moja, wakati kampuni za bima huigawa hasara ya namna hiyo na kampuni wenzao za nchi za mbali. Mei 2023 huko Kalehe, Kivu Kusini, maji na matope yalifagia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Walionusurika walitegemea ndugu, makanisa na mashirika ya misaada.