Joseph Papp na Historia ya Tamthilia Isiyo na Kiingilio

Katika sanaa za maonyesho, mtayarishaji ni mtu anayechagua tamthilia, kutafuta fedha, ukumbi na watendaji, na kubeba hasara mchezo unapokosa watazamaji. Kwa hiyo hutofautiana na mwongozaji, ambaye kazi yake ni kuwaelekeza waigizaji na kuupa mchezo sura yake jukwaani. Katika jiji la New York kazi ya mtayarishaji iliendeshwa, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kama biashara ya wawekezaji wa Broadway, yaani eneo la kumbi kubwa za maonyesho ya kulipia. Joseph Papp aliigeuza kuwa utumishi wa umma, akishikilia kwamba jiji linapaswa kuwapa wakazi wake tamthilia kama linavyowapa vitabu katika maktaba. Msimamo huo ulizua swali ambalo alihangaika nalo hadi kufa kwake: mtazamaji asipolipa, gharama zitabebwa na nani?

Papp alizaliwa Brooklyn tarehe 22 Juni 1921, kwa jina la Joseph Papirofsky, katika familia maskini ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Baba yake alikuwa fundi wa masanduku ya safari na mama yake mshonaji. Baada ya kutumikia jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alijifunza sanaa ya jukwaa katika Actors' Laboratory huko Hollywood, kisha akarudi New York na kuajiriwa na kituo cha televisheni cha CBS. Mwaka 1954, akiwa bado mwajiriwa, alianzisha karakana ya kuigiza tamthilia za Shakespeare katika kanisa moja la Lower East Side, eneo lililokaliwa na wahamiaji na watu wa kipato cha chini. Mwaka 1956 alitoka nje na kuonyesha bila kiingilio, katika uwanja wa wazi kando ya mto East River, Julius Caesar, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1963 katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka uliofuata alitumia jukwaa lililovutwa na lori ili kuwafikia watu mitaani mwao, na safari hiyo ikaishia Central Park, bustani kuu ya jiji, ambako maonyesho yaliweka makao.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapambano. Mwaka 1958 Papp aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti, akakataa kuwataja wenzake. CBS ikamfukuza, lakini alirudishwa kazini baada ya chama chake cha wafanyakazi kulipeleka shauri kwa msuluhishi. Mwaka 1959 Robert Moses, kamishna wa bustani mwenye nguvu kubwa jijini, alidai watazamaji watozwe kiingilio ili kugharimia nyasi zilizokuwa zikikanyagwa. Papp, aliyejua kwamba kukubali hata ada ndogo kungeibomoa hoja yake yote, alikwenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaamua kwamba sharti hilo halikuwa na msingi. Kutokana na mgogoro huo ukajengwa ukumbi wa wazi wa Delacorte, kwa fedha za jiji na mchango wa mchapishaji George T. Delacorte, ukafunguliwa mwaka 1962 kwa The Merchant of Venice, ambayo Nyerere aliitafsiri kama Mabepari wa Venisi.

Mwaka 1966 Papp alilinunua jengo la iliyokuwa Maktaba ya Astor, lililofunguliwa mwaka 1854 na baadaye likatumiwa na shirika la kuwasaidia wahamiaji wa Kiyahudi, akaliokoa lisibomolewe. Humo aliasisi Public Theater, nyumba ya tamthilia mpya, ambayo mwaka 1967 ilifunguliwa kwa Hair, mchezo wa muziki kuhusu vijana waliopinga vita vya Vietnam. Hair ulipohamia Broadway chini ya mtayarishaji mwingine, Public ilibakiwa na sehemu ndogo tu ya mapato. Mwaka 1971 jiji lilinunua jengo lile na kumpangisha kwa dola 1 kwa mwaka, lakini nafuu hiyo haikutosha kuziba nakisi.

Nafuu kubwa ilitokana na A Chorus Line, mchezo kuhusu wacheza dansi wanaotafuta kazi, ambao Michael Bennett aliuandaa kutokana na simulizi za wacheza dansi wenyewe. Papp alimpa nafasi na fedha za kufanya majaribio kwa miezi mingi, jambo ambalo wawekezaji wa kawaida wasingelivumilia, na safari hii alihakikisha kwamba mchezo unabaki mikononi mwa taasisi yake. Ulifika Broadway Julai 1975 na kuendelea hadi Aprili 1990, kwa maonyesho 6,137, na mapato yake yakagharimia Shakespeare wa bure pamoja na waandishi ambao soko halikuwajali. Tayari mwaka 1970 Charles Gordone, ambaye tamthilia yake ilianzia Public, alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia. Naye mwigizaji James Earl Jones aliigiza Othello na King Lear katika ukumbi wa Delacorte.

Papp hakuwa mtu mwepesi wa kufanya naye kazi: aliamua mengi peke yake, na jaribio lake la kuongoza maonyesho ya kituo cha sanaa cha Lincoln Center, lililoanza mwaka 1973, lilikoma mwaka 1977 kutokana na gharama na hadhira isiyopenda tamthilia mpya. Hata hivyo hakukubali kila fedha iliyotolewa. Mwaka 1990 alikataa ruzuku ya serikali kuu iliyoambatana na masharti juu ya maudhui ya sanaa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1991.

Utaratibu aliouacha ulijithibitisha tena mwaka 2015, pale Hamilton, mchezo wa Lin-Manuel Miranda, ulipoanzia Public kabla ya kwenda Broadway na kuiletea taasisi hiyo mapato. Historia hiyo inaonyesha kwamba tamthilia ya bure haikuwahi kukosa gharama: ilidumu kwa sababu mtayarishaji mmoja alilifanya jiji, wafadhili na wanunuzi wa tikiti za Broadway walipe kwa niaba ya wale wasio na uwezo.