Tanuri Lisilo na Kuta

Mchimbuzi wa mambo ya kale afikapo Kilwa Kisiwani hulakiwa na majengo: Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa yenye maandishi yanayomtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta mjini mwaka 1331. Jina la aliyejengewa twalijua. Aliyemchomea chokaa hatumjui, na hata mahali pake pa kazi ni taabu kupatambua.

Sababu ni namna ya kazi yenyewe. Huko Iversheim, Ujerumani, tangu mwaka 1966 yalifukuliwa matanuri sita ya jeshi la Rumi, yaliyojengwa kwa mawe na kupangwa safu. Hata kipofu angeyagusa. Pwani yetu ilifuata njia nyingine. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukatiwa. Joto lifikapo digrii 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya ukaa, na kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kisha hunyeshewa maji, likafoka na kumomonyoka kuwa unga. Rundo likisha kuzolewa, tanuri limekwisha.

Linalobaki ni duara la udongo ulioiva, majivu, makaa na chembe nyeupe. Mchimbuzi mwenye haraka ataliandika kuwa jiko, au jaa. Nami naona kosa hilo si dogo: upana wa duara ungetuonyesha ukubwa wa kazi, na makaa, yakitazamwa na ajuaye miti, yangesema kama iliyokatwa ni mikoko au miti ya nchi kavu.

Hata hivyo tanuri halikupotea lote. Kwa kuwa jiwe liliungua pamoja na kuni, makaa yalizolewa na chokaa yakaingia ukutani; tazama lipu ya kale palipomeguka, utaona vidoa vyeusi. Vidoa hivyo hupimwa umri kwa njia ya kaboni, lakini kwa hadhari, maana gogo lililokuwa kuukuu kabla ya kuchomwa litaufanya ukuta uonekane mkongwe kuliko ulivyo. Na fundi akwanguaye lipu hiyo ili apake saruji huyatupa makaa pamoja na kifusi, asipoambiwa mapema aweke kando walau konzi moja.