Mita 200 kushuka: Kiwanja cha bondeni walichopewa vijana wa redio

Kila nikigusia redio za ridhaa mbele ya watu, swali la kwanza huwa ni hili: ninunue mtambo wa wati ngapi ili nifike mbali? Nitajibu, ila kwanza tupite kwenye historia kidogo, maana jibu limejificha humo.

Kwa wasiojua, redio ya ridhaa ni mtu binafsi mwenye leseni anayewasiliana hewani na wenzake duniani, bila biashara. Ni kama ngumi za ridhaa, tofauti ni kwamba huku hakuna anayerudi nyumbani na jicho limevimba.

Mwaka 1912, miezi michache baada ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria ya redio. Hewani kulikuwa na vurugu: jeshi la maji, meli, makampuni, na vijana wenye mitambo ya cheche ya kujiundia nyumbani, wote wanaingiliana. Serikali ikawaambia vijana wakae mita 200 kushuka chini, nguvu isizidi kilowati 1. Wataalamu wa siku zile waliamini kuwa wimbi refu ndilo linalofika mbali, na makampuni makubwa yalitumia mawimbi ya maelfu ya mita. Kwa hiyo mita 200 ilikuwa sawa na kugawiwa kiwanja bondeni Jangwani, halafu uambiwe ushukuru.

Walikubali kwa shingo upande. Mwaka 1914 Hiram Percy Maxim na Clarence Tuska wakaanzisha chama, ARRL, ili ujumbe usiofika mbali upokezanwe kituo kwa kituo. Vita vikawafungia mwaka 1917, wakarudi hewani 1919 na kukuta vali zimeanza kuchukua nafasi ya cheche.

Hapa ndipo pananifurahisha. Mapema mwaka 1921 walijaribu kusikika Uingereza, kimya. Desemba mwaka huohuo hawakuongeza kilowati, walimtuma mtu. Paul Godley alivuka bahari na mashine yake ya kupokelea, akapiga hema Ardrossan, pwani ya Scotland, kwenye baridi na mvua. Akatandaza waya wa karibu mita 400 juu ya nguzo fupi. Akawasikia! Zaidi ya vituo 20 vya Marekani, na kutoka kituo 1BCG cha Connecticut akapokea ujumbe mzima.

Novemba 1923 wakashuka zaidi, kwenye mita 110 hivi. Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, akawasiliana na Fred Schnell wa Connecticut, huyu anatuma na yule anajibu. Oktoba 18, 1924, Frank Bell, akiwa kwenye shamba la kondoo New Zealand, akawasiliana na Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 katika shule ya Mill Hill, London. Huo ni upande wa pili wa dunia, jamani.

Kumbe wimbi fupi linapita tabaka la chini la anga bila kunyonywa sana, linapindwa huko juu na kurudishwa ardhini mbali kabisa. Likiwa fupi kupita kiasi, linatoboa na kwenda zake. Edward Appleton alithibitisha tabaka hilo Desemba 1924, wakati vijana walishalitumia.

Unajua kilichofuata. Kiwanja cha bondeni kilipoonekana kina mali, wakubwa wakaja. Mwaka 1924 vijana wa Marekani wakakatiwa vipande, vikiwemo vya mita 80, 40 na 20, ambavyo vinatumika mpaka leo. Kwingine yakaingia makampuni na mashirika ya utangazaji. BBC ilipoanza Kiswahili mwaka 1957, ilitufikia kwa mawimbi hayohayo mafupi. Zile "mita bendi" walizokuwa wakizitaja watangazaji ni mtaa waliouvumbua watoto wa shule na wachunga kondoo.

Sasa wati. Ukitoka wati 100 hadi 400, anayekusikiliza ataona sindano ya kipokezi chake ikipanda hatua moja tu. Fedha hiyo iweke kwenye antena. Kwa mita 20, waya wa mita 10 hivi uliokatwa katikati, mita 5 kila upande, ukiinuliwa juu mita 10 na kukaa mbali na nyaya za umeme, utakutoa bara hili. Mita 20 ijaribu mchana, mita 40 usiku. Chaja za bei rahisi zichomoe, zinapiga kelele kuliko mnada.

Na anza kwa kusikiliza, kama Godley. Ukitaka kutuma, omba leseni: Tanzania ni TCRA, na jina lako hewani litaanza na 5H. Kenya ni 5Z, Uganda 5X.