Neno "Forest": Msitu ni wa Nani?

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu na aandike ubaoni neno moja la Kiingereza: FOREST. Sisi tunalifasiri "msitu". Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haielezi habari yote. Msitu ni miti mingi iliyosongamana. Bali neno forest hapo zamani halikuwa na maana ya miti.

Wataalamu wengi husema asili yake ni neno la Kilatini foris, maana yake "nje". Wafalme wa Ulaya walipotenga ardhi ya kuwindia, ardhi hiyo iliwekwa nje ya matumizi ya watu wote, ikaitwa kwa jina hilo. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza, akaja na desturi hiyo. Tangu hapo forest ilikuwa mahali penye sheria ya mfalme. Pengine palikuwa na miti, pengine majani matupu, hata vijiji na mashamba vilikuwamo. Mkulima aliyeua paa wa mfalme aliweza kukatwa viungo au kuuawa.

Watu walinung'unika sana. Mwaka 1217, Henry wa Tatu akiwa mfalme mtoto wa miaka 10, ilitolewa Hati ya Misitu. Hati hiyo ilipunguza eneo la mfalme, ikawarudishia watu huru haki zao za kulisha mifugo, na ikakataza mtu kuuawa kwa ajili ya mnyama wa mfalme.

Neno hili na sheria zake vilifika kwetu pamoja na wakoloni. Wajerumani walitoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904; Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1921. Miti na maji vilihitaji ulinzi, hilo ni kweli. Lakini mara nyingi mwenyeji aliyezoea kuokota kuni alijikuta yu nje.

Sasa tazameni jirani zetu wa Babati. Huko kuna msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wa hekta zipatazo 9,000. Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji wakahofia kunyang'anywa, na wengine wakakata miti upesi kabla mlango haujafungwa. Mwaka 1994 shauri likageuzwa: vijiji vinane viliachiwa kuutunza msitu wenyewe. Wakapima mipaka, wakatunga sheria ndogo, wakachagua walinzi miongoni mwao. Ukataji ovyo ukapungua, kwa kuwa mlinzi sasa alilinda mali yake. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitambua rasmi hifadhi ya msitu ya kijiji.

Mnaona basi kwa nini inafaa kujua kusoma. Neno moja katika karatasi laweza kumweka mtu ndani au nje ya ardhi aliyoikuta kwa babu zake. Hati ikiletwa mkutanoni, isomwe yote kabla ya kutiwa sahihi au dole gumba.

Maswali ya kujadiliana:
1. Neno forest lilikuwa na maana gani hapo kwanza?
2. Kwa nini watu wa Duru-Haitemba walianza kuulinda msitu?
3. Katika kijiji chenu, ni nani hupanga mahali pa kukata kuni na kulisha ng'ombe?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.