Nani alipie uchochoro: wa mwanzo au wa mwisho?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, wiki tatu zilizopita baada ya Isha nilisimama nikasoma majina ya ambao hawajatoa mchango wa kumwaga zege uchochoro ulio nyuma ya msikiti wetu. Kesho yake mmoja wao, mzee wa nyumba ya kwanza kutoka barabarani, alinifuata barazani. Akaniambia: "Shekhe, mimi hatua kumi nimeshafika mlangoni kwangu. Wa mwisho anakwenda hatua themanini. Kwa nini tulipe sawasawa?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu, na kumbe swali la mzee ni la zamani sana.

Uislamu ulishughulika na njia tangu mapema. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwekea kipimo cha dhiraa saba watu wanapogombania upana wa njia. Kufa ilipojengwa mwaka 17 Hijria (638), wanahistoria wanasimulia kwamba Sayyidna Umar aliagiza barabara kuu ziwe za dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro visipungue dhiraa 7. Baadaye, katika utawala wa Muawiya, gavana wake wa Madina, Marwan bin al-Hakam, alitandika mawe pembezoni mwa Msikiti wa Mtume, na mahali pale pakaitwa al-Balat, yaani penye sakafu ya mawe. Imam Bukhari amepataja katika Sahihi yake. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya dola kwa njia ya watu wote. Uchochoro wetu sisi hautokei upande wa pili. Unaishia ukutani, na wanaoupita ni wenye nyumba zake na wageni wao.

Hapo ndipo mafakihi walipotofautisha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika Minhaj ambayo wengi wetu tumeisoma madrasa, anasema wenyeji wa uchochoro usiopenya ni wale ambao milango yao imefunguka humo, si yule ambaye ukuta wake umegusa tu. Niliposoma hapo nilijiinamia. Katika orodha yangu alikuwamo mtu ambaye mlango wake uko barabarani na mgongo wa nyumba ndio uko uchochoroni, na jina lake nilikuwa nimelisoma kwa sauti. Kisha Nawawi anauliza: je, kila mwenyeji ana haki katika uchochoro mzima, au kuanzia mdomo wake hadi mlangoni pake tu? Kauli anayoiona sahihi zaidi ni hiyo ya pili. Mzee wangu hakusoma Minhaj, lakini alikuwa upande wa Nawawi.

Upande wa Mahanafi jambo hili lilifikishwa mpaka kwenye hesabu. Dola ya Uthmaniyya ilipoandika sheria yake iitwayo Mecelle, kati ya 1869 na 1876, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, waliweka kanuni ya kutengeneza njia ya watu maalumu: unaanzia mdomoni, kila mtu anachangia hadi mlangoni pake, kisha anatoka katika hesabu na waliobaki wanaendelea. Chukua nyumba tatu na gharama ya shilingi 180,000, yaani 60,000 kwa kila kipande. Kipande cha kwanza wote watatu wanalipa, 20,000 kila mmoja. Cha pili wawili, 30,000 kila mmoja. Cha tatu anabaki wa mwisho peke yake na 60,000 yake. Jumla: wa kwanza 20,000, wa pili 50,000, wa tatu 110,000.

Ni haki, na inaumiza. Kwetu sisi nyumba ya mwisho ni ya mama mjane anayeuza maandazi asubuhi.

Katika mitaa ya Istanbul walikuwa na njia nyingine pia. Watu waliweka wakfu wa fedha kwa ajili ya mtaa, ukiitwa wakfu wa avarız, na faida yake ikalipia kodi za wasiojiweza, maziko ya masikini, kisima, na mawe ya njia. Imamu wa msikiti ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtaa mbele ya serikali, mpaka mwaka 1829 walipoanza kuwekwa wale walioitwa muhtar. (Maimamu wenzangu, tusitamani kazi ile. Lawama zake nimezionja kwa orodha moja tu.)

Kilichonitua ni maneno ya al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058). Anazungumzia mji ambao maji yake yameharibika au ukuta wake umeanguka na hazina haina kitu. Amri, anasema, inawaelekea wenye uwezo wote kwa pamoja, wala hashikwi mmoja kwa jina lake. Kila mtu anaahidi kile ambacho ni chepesi kwake na nafsi yake imeridhia, na asiye na mali anasaidia kwa kazi ya mikono. Na katika mali ya shirika, kama ukuta wa watu wawili ulioanguka, kauli mpya ya Imam Shafii ni kwamba mshirika halazimishwi kujenga.

Niliyapeleka yote haya barazani, pamoja na hesabu ya Mecelle. Mzee aliisikiliza, akanyamaza, akauliza mama wa maandazi angedaiwa ngapi. Nilipomtajia alisema, "Basi hiyo iache." Ametoa alichoandikiwa mwanzo. Mama amewaleta vijana wake wawili kuchanganya zege. Mwenye ukuta nimemfuata nyumbani kwake, na kwa majina niliyoyasoma nimeomba radhi mbele ya safu zilezile.

Tunaanza kuchimba Jumamosi baada ya Alfajiri. Mpaka naandika haya bado imepungua mifuko sita ya saruji.

Wallahu aalam.