Waliokosekana Nkrumah Hall

Ukisoma Mlimani, Nkrumah Hall unaizoea haraka mno. Leo unaingia kwa mhadhara, kesho kwa mdahalo, siku nyingine unaingia kukwepa jua tu. Mimi nilipita pale miaka mitatu bila kujua kwamba Juni 1974 ukumbi ule ndio ulioupokea Mkutano Mkuu wa Sita wa Umajumui wa Afrika, wa kwanza katika mfululizo wake kufanyika kwenye ardhi ya Afrika. Mwalimu Nyerere aliufungua. Walikuja wawakilishi wa serikali, wapigania uhuru kutoka kusini mwa bara, na Wamarekani Weusi kwa mamia, akiwemo mshairi Amiri Baraka.

C.L.R. James hakuja. Mzee yule wa Trinidad, mwandishi wa The Black Jacobins, alikuwa miongoni mwa watu waliohangaika miaka kadhaa ili mkutano uwepo. Alikuwa na miaka 73. Siku ilipofika akagoma.

Kazi ya uandishi wa habari imenifundisha kwamba mkutano wa kimataifa hupiganiwa kabla ya hotuba ya ufunguzi. Nani kaalikwa? Kibao chake mezani kitaandikwa nini? Nani kasema akimwona fulani ukumbini yeye anarudi hotelini? Tukishafika sisi wenye kamera, mambo makubwa yameshaamuliwa. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za 1974 nilikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya wageni, na orodha ile ikanirudisha nyuma sana, hadi Paris.

Mwanzoni mwa 1919 wakubwa wa dunia walikutana Paris kugawana matunda ya vita. W.E.B. Du Bois alitaka watu weusi nao wakutane hapohapo, wakati huohuo. Serikali ya Marekani ikasema hakuna mkutano wa namna hiyo, na ikawanyima pasipoti Wamarekani Weusi waliotaka kwenda. Du Bois mwenyewe alifika kwa sababu alisafiri kama mhariri, kwenye meli iliyobeba waandishi wa habari. (Naomba wenzangu wa fani tujivunie kidogo hapo.) Ruhusa ya Ufaransa ilipatikana kupitia Blaise Diagne, mbunge kutoka Senegal, ambaye wakati wa vita alikuwa amemsaidia waziri mkuu Clemenceau kukusanya askari wa Kiafrika. Clemenceau alikuwa na deni, akalilipa, ila kwa masharti ya kunong'onezana: fanyeni, lakini msitangaze. Wakakutana wajumbe 57.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi zaidi. Katikati ya miaka ya 1920 Du Bois alipanga kukodi meli izunguke visiwa vya Karibi, mkutano ufanyike bandari hadi bandari. Kampuni ya meli ya Kifaransa ikamtajia dola 50,000, bei ya kumfukuza mteja, naye akashuku kuwa mkono wa wakoloni ulikuwamo. Mwaka 1929 akajaribu Tunis, ili angalau mara moja mkutano wa Afrika ufanyike Afrika. Ufaransa ikajibu kwa adabu kabisa: Marseille sawa, mji wowote wa Ufaransa sawa, Afrika hapana. Halafu uchumi wa dunia ukaporomoka na habari ikaishia hapo.

Manchester, Oktoba 1945, ndiyo wanaoijua wengi, kwa sababu ya picha zile za Nkrumah na Kenyatta kabla hawajawa watawala. George Padmore, mwandaaji mkuu pamoja na Nkrumah, alitumia ujanja wa ratiba. Vyama vya wafanyakazi duniani vilikuwa na mkutano Paris, na wajumbe kutoka makoloni walikuwa wameshalipiwa safari ya kuja Ulaya, hivyo baadhi yao wakavushwa hadi Manchester.

Hebu tusimame hapo Manchester. Kenyatta alimwakilisha nani kiserikali? Nkrumah je? Hakuna hata mmoja aliyekuwa na barua ya gavana wake. Kama sharti la kuingia ukumbini lingekuwa kibali cha serikali ya nchi unayotoka, wangebaki Padmore na wafagiaji. Mkutano ule ulikuwa na nguvu kwa sababu ulijaa watu ambao serikali zao zisingependa kuwaona wamekaa pamoja.

Sasa njoo Dar es Salaam. Wazo la mkutano wa sita liliibuka kwa wanaharakati, Pauulu Kamarakafego wa Bermuda na James wakiwa mstari wa mbele. Katibu mkuu alikuwa Courtland Cox, Mmarekani Mweusi aliyetoka kwenye harakati za haki za kiraia na mmoja wa waanzilishi wa Drum and Spear, duka la vitabu la Washington. Duka hilo lilizaa kampuni ya uchapishaji, na mwaka 1969 kampuni hiyo ikatoa upya kitabu cha James kuhusu historia ya uasi wa Waafrika, kikiwa na nyongeza inayolisifu sana Azimio la Arusha. Yaani mwandishi, mchapishaji na Mwalimu walikuwa tayari wanajuana kwenye karatasi. Tanzania ilipokubali kuwa mwenyeji, ndoto ya Tunis ikaonekana imetimia.

Lakini mwenyeji alikuwa serikali, na serikali ina marafiki wake. Serikali za Karibi hazikufurahia kusikia kwamba wapinzani wao watapewa viti na maikrofoni Dar es Salaam. Zilikuwa na sababu za kuogopa: Trinidad ilitikiswa na vuguvugu la Black Power mwaka 1970, na Grenada ilipata uhuru Februari 1974 katikati ya migomo na damu. Eric Williams wa Trinidad aliwahi kumweka James kwenye kifungo cha nyumbani, ingawa zamani alikuwa kama mwanafunzi wake. Huko Guyana, Forbes Burnham hakutaka kabisa kusikia habari za wakosoaji wake. Shinikizo likafika Dar, na Dar ikakubali: kutoka Karibi wataingia wenye baraka za serikali zao. James akasema kama ni hivyo, yeye haji.

Miongoni mwa waliofungiwa mlango kuna jina ambalo kila nikilisoma nasimama: Eusi Kwayana wa Guyana. Alizaliwa Sydney King. Aliwahi kuwa karibu na Burnham kabla ya kuachana naye. Katika kutafuta asili yake alijipa jina jipya na akaliokota kwenye lugha yetu. Hiyo "Eusi" ni nyeusi ya Kiswahili. Mtu aliyevuka bahari kwa jina la Kiswahili hakupata nafasi kwenye mkutano wa watu weusi uliofanyika katika mji wa Waswahili.

Nimejaribu kumwelewa Mwalimu, na si vigumu. Mwaka 1974 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Ureno ilikuwa imepinduliwa Aprili 25, Msumbiji na Angola zilikuwa mlangoni, na kila kura kwenye vikao vya kimataifa ilikuwa na thamani. Guyana, Jamaika, Trinidad na Barbados hazikuwa serikali za vibaraka. Mwaka 1972 zote nne kwa pamoja ziliitambua Kuba huku Marekani ikinuna, na mwaka huohuo Guyana iliwapokea mawaziri wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Ukiwa Ikulu unajiuliza: nimkaribishe mzee wa vitabu, au nimtunze rafiki atakayeninyanyulia mkono New York? Tena mwenyeji asiyetaka wageni waje kuwahutubia wapinzani wake hawezi kirahisi kuwafanyia wenzake hivyo.

Hata hivyo sikubaliani naye. Huyu ndiye Nyerere aliyeitambua Biafra mwaka 1968 huku wakuu wenzake wengi wa Afrika wakimkasirikia. Hoja yake wakati ule, kwa kifupi, ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na watu wakiona dola inawaua, mipaka peke yake haitoshi kuwa jibu. Aliwahi basi kulipa gharama ya kuwaudhi marafiki. Na ndani ya Nkrumah Hall walikaa FRELIMO na wapigania uhuru wengine, ambao hawakuwa serikali. Tofauti yao na watu wa Karibi ilikuwa moja tu: waliokuwa wanawapinga ni wazungu. Mpinzani wa mtawala mweusi hakuwa na kiti. Mwalimu mwenyewe, katika hotuba ya ufunguzi, aliwaonya wajumbe wasijitenge na binadamu wengine kwa kigezo cha rangi. Lakini orodha ya wageni ilikuwa tayari imetumia kigezo hicho, kwa namna ya kinyumenyume.

Aliyeliona tatizo hili mapema na kwa ukali ni Walter Rodney. Alikuwa mhadhiri palepale Mlimani, na kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa London na Tanzania Publishing House. Alijua vizuri gharama ya mikutano: Oktoba 1968 alikwenda Montreal kwenye kongamano la waandishi weusi, na aliporudi Jamaika alikokuwa anafundisha, serikali ikamzuia kushuka kwenye ndege. Kwa ajili ya Mkutano wa Sita aliandika makala ndefu akiuliza, kwa kweli, mkutano huu ni wa nani: wa watu, au wa tabaka dogo lililorithi ofisi za wakoloni? Hakuisoma mwenyewe ukumbini, alikuwa mgonjwa. Makala yakazunguka kutoka mkono kwa mkono, na bado yanasomwa kuliko maazimio mengi ya mkutano wenyewe.

Mwaka huohuo Rodney aliondoka Dar kurudi kwao Guyana. Kazi ya uprofesa aliyokuwa ameahidiwa kwenye chuo kikuu ikazuiwa. Akabaki hivyohivyo, akiandika na kuhutubia barabarani, hadi Juni 13, 1980, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mkononi lilipomuua akiwa kwenye gari mjini Georgetown. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 ilielekeza lawama kwa dola ya Guyana, chini ya Burnham yuleyule ambaye Dar es Salaam ilichelea kumuudhi. James alifariki London mwaka 1989. Mkutano wa Saba ulisubiri miaka 20, hadi Aprili 1994, Kampala.

Mara ya mwisho nilipopita Nkrumah Hall mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na shughuli yoyote. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani. Nikamwambia naangalia tu, akaniacha niingie.