Nyinamwiru, mama wa wafalme wa Kitara

Wazee wa Kinande, kuanzia milima ya Bashu katika eneo la Beni hadi Butembo na Lubero, wakisimulia asili ya wami wetu, watawala wa jadi, huanzia ng'ambo ya mto Semliki. Wahenga, wasema, walitoka Kitara, dola la kale lililokuwa magharibi mwa Uganda ya leo. Hutajwa wanaume: nani aliongoza, nani alipanda mlima upi. Lakini ufalme wenyewe wa Kitara, jinsi Wanyoro wa Uganda wanavyousimulia, ulimtegemea mwanamke mmoja aliyeteswa na baba yake mzazi.

Jina lake Nyinamwiru. Baba yake, Bukuku, alikuwa mlinzi wa lango la mfalme Isaza. Isaza alipopotelea kuzimu kwa Nyamiyonga, mfalme wa huko, Bukuku akakikalia kiti, ingawa hakuwa wa ukoo wa kifalme. Waaguzi wakamwonya kwamba mtoto wa binti yake atamwondoa. Akamtoboa binti jicho moja, akamkata sikio moja, akamfungia katika ua usio na mlango ila wa kupitia nyumbani mwake.

Isimbwa, mwana wa Isaza aliyezaliwa kuzimu na Nyamata, binti wa Nyamiyonga, alifika huko akiwinda. Mtumishi wa Nyinamwiru akamfungulia siri, naye Isimbwa akaupanda ua. Akazaliwa Ndahura. Bukuku akaamuru kichanga kitupwe mtoni, lakini mfinyanzi Rubumbi akakiokoa, na Nyinamwiru akawa akimpelekea mfinyanzi huyo msaada kwa siri ili mwanawe anyonye na akue. Hapo ndipo ninapomstaajabia zaidi: jicho moja, sikio moja, kifungoni, na bado aliweza kumlea mwana aliyehukumiwa kufa. Ndahura alipokua, alimchoma Bukuku kwa mkuki penye maji ya ng'ombe, akakaa kitini pake. Nyinamwiru aliletewa habari ya kifo cha baba na ya ushindi wa mwana siku ile ile.

Ndahura ndiye wa kwanza wa wafalme Wachwezi, na Wamara wa mwisho. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha habari hizi ni tukio na kiasi gani ni hekaya. John Nyakatura, Mnyoro, aliziandika kitabuni mwaka 1947. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, wenyeji huyahusisha na Wachwezi. Wataalamu walioyachimba mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1960 waliyaweka kati ya karne ya 14 na ya 16.

Hata Wabito, waliotawala Bunyoro baada ya Wachwezi, hujiunga na ukoo huo kwa njia ya baba, lakini jina la mama halikusahauliwa. Rukidi, mfalme wao wa kwanza, alikuwa mwana wa Kyomya, mtoto mwingine wa Isimbwa. Mama yake ni Nyatworo, mwanamke wa kaskazini ya Nile.

Kwetu uzito wa mama si jambo geni. Mwami wa Kinande huwa na wake wengi, lakini mrithi hutafutwa kwa mumbo, mke anayeolewa kwa taratibu za kiti. Mtoto wa kwanza wa mwami anaweza kuwa mkubwa wa ukoo bila kuwa mwami. Basi kwa nini orodha zetu za wami zina majina ya baba peke yake?

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamewakimbiza watu kutoka vijijini, na wazee waliojua majina ya akina mumbo wametawanyika Butembo, Oicha na Uganda, wengine wamekwisha kufa. Wanafunzi wa historia wa Butembo na Beni, wafuateni waliobaki. Msiulize nani alitawala tu. Ulizeni mama yake alikuwa nani, alitoka ukoo gani, na mwandike.